Kumsindikiza Mama Héritier

Kwetu mtu akikutembelea, humwachi aondoke peke yake kama mbuzi aliyekata kamba. Unamsindikiza. Vijana wa siku hizi wanadhani kusindikiza ni kumfikisha mgeni kwenye pikipiki na kumpungia mkono, lakini kuna sheria zake. Anayesindikizwa ndiye anayesema "rudi". Wewe msindikizaji huna ruhusa ya kuchoka kabla yake. Akishasema, unakataa mara moja kwa heshima, unaongeza hatua kumi, kisha unageuka. Na ukishageuka humfuati tena, hata kama moyo unakuuma, maana kumfuata mtu aliyekurudisha ni sawa na kumwita mwongo.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne. Nimewafundisha watoto wa watu kuzidisha, kugawanya na kusindikiza. Jina langu ni Herménégilde, na sheria hiyo niliishika barabara kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ndiyo iliyonifanya mjinga kwa muda wote ule.

Januari ya mwaka jana nilianguka shambani kwangu, kilimani juu ya Bwegera, upande mzima wa kulia ukalala. Majirani wanne walinibeba kwenye tipoyi, machela yetu ya miti, hadi barabarani, ambako mwanangu Héritier alikuwa amekuja na gari kunipeleka hospitalini Uvira. Mke wangu Apollinarie, ambaye tangu mtoto huyo azaliwe namwita Mama Héritier, alitembea kando ya tipoyi mpaka mihogo yetu ilipoishia. Mdomo wangu ulikuwa umepinda na maneno hayatoki. Nilikusanya nguvu zote nikamwambia mawili tu: chunga nyumba. Kuna wanaume ambao mahali kama pale wangesema kitu kingine.

Lakini nyumba yenyewe ilistahili kuchungwa. Niliijenga kwa matofali ya kuchoma niliyoyafyatua mwenyewe wakati wa likizo, miaka sita mfululizo. Ilikuwa na mabati ishirini na nane, milango miwili, na dirisha moja kubwa linalotazama upande wa Mulenge. Nyuma kulikuwa na mwavoka nilioupanda siku Héritier alipobatizwa. Nikiwa hospitalini nilikuwa nalala usingizi kwa kuhesabu mabati.

Baada ya hospitali nilihamia kwa Héritier, mtaa wa Kasenga, hapo hapo Uvira. Sisemi Kasenga vibaya. Mkwe wangu Noella ananitunza kuliko ninavyostahili, na wajukuu wananisomea magazeti ya zamani. Ila kuna fundi wa kuchomelea milango upande huu, kanisa lenye vipaza sauti upande ule, na katikati pikipiki zinazopita kana kwamba zote zimeitwa na mtu mmoja. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha plastiki nikijiambia: saa hizi, huko kwangu, kivuli cha nyumba kimefika kwenye maharage. Nilipatamani mpaka kifua kikauma, na mara mbili Noella alidhani ni ugonjwa umerudi.

Mwezi wa sita daktari aliniruhusu kutembea. Bonde, alisema, ndiyo. Vilima vidogo, ndiyo, polepole. Mlima, hapana. Akaongeza kwamba mwenda pole hajikwai, kana kwamba methali hiyo imetungwa kwenye ofisi yake. Basi tukapanga na Mama Héritier kwa simu kwamba kila mwezi, siku moja ya soko, nitapanda gari hadi Bwegera, yeye atateremka kutoka nyumbani, tutakula pamoja, kisha nitamsindikiza wakati wa kurudi kwake. Nilitaka kitu kimoja tu: kwamba siku moja miguu yangu mwenyewe inifikishe mlangoni pangu. Kumsindikiza kidogo kidogo niliona ndiyo njia ya kufika.

Ni matembezi mazuri yale, hata mtu mwenye afya angeyatafuta. Unaliacha soko, unafuata mfereji kati ya mashamba ya mpunga, akina mama wamezama hadi magotini wakipalilia na kusengenya. Halafu njia inaungana na mto, matete upande mmoja, mihogo upande wa pili, mpaka daraja la magogo matatu. Baada ya daraja unaanza kilima cha kwanza, ambacho ni mteremko tu uliojisahau. Cha pili kina karanga na maharage, na ukigeuka unaona tambarare yote, mto Ruzizi ukijikunja, na milima ya Burundi ng'ambo yake. Wapo wanaosema kwamba siku isiyo na ukungu wanaliona hata ziwa. Mimi sijaliona, na sidhani wameliona. Chini ya kilima cha tatu kuna mikaratusi. Njia inapita katikati yake, inapanda kwa ukali, inavuka mgongo wa kilima na kutoweka. Nyuma ya mgongo ule ndiko kwangu.

Mama Héritier alikuwa ananirudisha pale kwenye mikaratusi, kila mara. Njiani mimi ndiye niliyeuliza, yeye akajibu. Niliuliza kama mabati yanavuja, akasema moja tu, juu ya chumba cha mbele. Mwezi uliofuata nikamletea misumari ya mabati. Niliuliza mlango wa nyuma, akasema unalalamika ukifunguliwa. Nikamletea bawaba. Nikamletea chokaa ya kuta, nikamletea kioo cha dirisha kilichofungwa kwenye blanketi, akakibeba mikononi njia nzima kama mtoto mchanga. Yeye naye aliniletea maavoka ya mti wetu, manne au matano kwenye kikapu. Nilikuwa nayala Kasenga na kuwahubiria wajukuu kwamba avoka la udongo wetu nalitambua hata nikifumbwa macho.

Katika mashamba ya mpunga tulikuwa tunakutana na Protais Hatungimana, mkulima ambaye watoto wake watatu walipita darasani kwangu. Kila mara alikuja hadi tulipokuwa, akanipa mikono miwili, akaniuliza hali ya mguu. Akimgeukia mke wangu alikuwa anainamisha kichwa na hasemi neno. Nilidhani ni heshima. Ilikuwa heshima, ila si ile niliyoidhani.

Kuanzia Juni hadi Machi ya mwaka huu, ukitoa mwezi mmoja ambao barabara ilifungwa na kila mtu anajua kwa nini, nilikwenda mara tisa. Na mara zote, nilipofika chini ya mikaratusi, aliniwekea mkono kifuani, akasema daktari amekataza mlima ule. Nilikataa mara moja kwa heshima, nikaongeza hatua kumi, nikageuka. Nilipokuwa nashuka sikuangalia nyuma. Nilijiona mtu mwenye adabu kubwa sana.

Mara ya tisa nilikuwa nimebadilika. Mguu ulikuwa umerudi, fimbo nilikuwa naitembeza tu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na bonde lote lilinukia udongo na majani ya mpunga. Harufu hiyo ilinishika vibaya. Tulipovuka daraja la magogo nilimwambia mke wangu kwamba leo nafika. Yeye akanipa habari ya kuku mmoja aliyeanza kutaga nyuma ya mtungi, na nikaisikiliza habari ya kuku yule kama mtu anayesikiliza Injili. Tulipofika chini ya mikaratusi akaniwekea mkono kifuani.

"Papa Héritier, rudi sasa. Hii mulima bado."

Nilimwambia kwamba nina nguvu, kwamba nitapumzika kila baada ya hatua ishirini. Alitikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umechoka kwa namna ambayo nilidhani ni safari.

"Rudi," akasema tena. "Mwezi ujao tutaona."

Sheria ni sheria. Niliongeza hatua zangu kumi nikageuka. Nilishuka mpaka kwenye karanga, na pale nikaingiza mkono kwenye mfuko wa koti kutafuta kitambaa, nikagusa chuma. Kilikuwa kitasa kipya cha mlango wa mbele, na funguo zake mbili, nilichokinunua Kasenga kwa yule yule fundi wa kelele. Nilikuwa nimesahau kumpa. Ama sikusahau. Nakumbuka tu jinsi nilivyofurahi, kwa sababu sheria ya kusindikiza ina mlango mmoja mdogo: ukigundua kwamba umebaki na kitu cha uliyemsindikiza, unaweza kumkimbilia na hakuna atakayekulaumu.

Nilipanda kati ya mikaratusi kwa hatua ishirini ishirini. Kifua kilipiga, lakini kwa utulivu. Nilikuwa tayari naona jinsi atakavyoshtuka akinisikia nabisha hodi mlangoni pangu mwenyewe. Nilipanga hata cha kusema. Nikafika juu, kwenye mgongo wa kilima.

Mama Héritier alikuwa amekaa pale pale, hatua sita baada ya mgongo, juu ya jiwe. Alikuwa amevua viatu na kuvipanga kando yake. Hakuwa anapumzika ili aendelee. Alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri mwingine aende zake, ndipo naye ashuke kwa njia ile ile. Mbele yake, ng'ambo ya kibonde, palipokuwa kwangu palikuwa na kidonda chekundu cha udongo kutoka juu mpaka mtoni. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kandokando. Hapakuwa na nyumba, wala ya jirani yangu Ndayiragije, wala mwavoka.

Alinisikia, akageuka, na hakusimama. Aliangalia kwanza kifua changu, kuona kama ninahema vibaya. Alipoona nahema vizuri akaangalia chini.

"Ilienda," akasema. "Mwezi wa ine, mwaka jana. Mulima iliteremuka na mvua."

Mwezi wa nne. Mimi nilianza kutembea mwezi wa sita. Kwa hiyo hata ile mara ya kwanza, nilipoulizia mabati kwa sauti ya mwenye nyumba, mabati yalikuwa yamekwisha kwenda. Na nitawaambia neno nililolitamka pale juu, ingawa ningeweza kulificha, maana tulikuwa wawili tu.

"Na mabati?" niliuliza.

Akasema mawili waliyapata mtoni, yamejikunja. Nikauliza maavoka yalitoka wapi basi. Alikuwa anayanunua sokoni asubuhi, kabla gari langu halijafika, akichagua yanayofanana na yetu. Niliuliza misumari, bawaba, chokaa. Vyote vipo, alisema, hakuuza hata msumari mmoja. Kuku je? Hakukuwa na kuku. Hapo hasira ikanipanda, na ninapokasirika huwa nageuka mwalimu. Nilisimama mbele yake nikamuuliza kama anajua maana ya kumfanya mtu mzima apande na kushuka mara tisa kwa ajili ya uongo. Nikamuuliza nani mwingine anajua. Alijibu kwa upole kwamba wote wanajua: Héritier, Noella, Protais, soko zima. Héritier ndiye aliyeomba nisiambiwe, kwa sababu daktari alisema habari mbaya ingeniua.

"Hiyo ni sababu ya Héritier," nikasema. "Minye niko nauliza yako."

Alivuta viatu vyake karibu lakini hakuvivaa. Mwanamke huyu nimeishi naye miaka thelathini na nane na sijawahi kumwona akitafuta neno. Huwa analo tayari.

"Unafikaka, unauliza mabati," akasema. "Unauliza mulango. Unauliza avoka, unauliza kuku. Minye nikajisemea, siku nitamwambia nyumba haiko tena, huyu muntu atakuja tena kufanya nini?"

Nilitaka kumkatalia. Nilifungua mdomo nikiwa na uhakika kwamba jibu lipo. Nikaanza kupitia safari zile moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa napitia madaftari, nikitafuta mahali nilipomuuliza yeye, habari zake, miguu yake, anakula nini, anaogopa nini usiku akiwa peke yake. Nilikumbuka swali kuhusu mfereji wa maji ya mvua. Nilikumbuka swali kuhusu mchwa. Mtu anayeteremka kutoka kilimani asubuhi na umande angefika sokoni na udongo mwekundu hadi magotini, na yeye miguu yake ilikuwa safi mara zote tisa. Mimi, niliyekuwa naona kosa la nukta kutoka upande wa pili wa darasa, sikuwahi kuiangalia.

Niliketi kwenye nyasi zenye maji. Nikamuuliza alikuwa wapi mlima uliposhuka.

Alikuwa kisimani. Alirudi na bidoni ya maji kichwani, akafika mahali ambapo angeitua, hapakuwa na mlango wala ukuta. Alisimama tu na bidoni kichwani. Hajui ni kwa muda gani. Ndayiragije ndiye aliyekuja kumtua, akimwambia Mama, weka chini, weka chini. Jambo la kwanza alilolifikiria, alisema, ni kwamba nilimwachia neno moja tu la kufanya, naye ameshindwa.

Nilikuwa nimeipenda nyumba ile, sitakana. Lakini huzuni niliyoingojea haikuja kwa ukubwa niliouogopa. Iliyokuja ni nyingine. Nilimwona amesimama na maji kichwani katika udongo ule, na mimi niko Kasenga nahesabu mabati, na nikamtamani. Nilimtamani yeye aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu, kama mtu anavyomtamani aliye mbali sana. Nilitaka kumwambia hivyo. Kwetu wazee hawasemi maneno hayo mchana, na mimi sikujifunza kuyasema hata usiku.

"Unalala wapi?" nikamuuliza.

"Kwa Victoire." Victoire ni binti wa dada yake. "Nyuma ya mashini ya mupunga, pale weye unashukiaka mu gari."

Mara tisa nimeshuka pale. Napajua vizuri: kuna ukuta wa udongo na mlango wa bati uliopakwa rangi ya bluu. Kila niliposhuka nilikuwa nanyoosha koti na kuitazama milima, mgongo wangu ukiwa kwenye mlango ule. Naye alikuwa anautoka, anazunguka upande wa soko, na kuja kunisalimia kama mtu aliyetoka mbali.

Nilimwambia nataka kuona mahali anapolala. Alisema ni chumba cha magunia, hakina dirisha, panya ni wengi, na kitanda ni chembamba. Isitoshe, gari la mwisho la Uvira linaondoka saa kumi, na Noella ana dawa zangu. Nilimjibu kwamba dawa za siku mbili ninazo mfukoni, na kuhusu kitanda nilikuwa sijamuuliza upana wake. Alivaa viatu. Aliponyanyuka aliyumba kidogo, nikamshika kiwiko, na nikagundua kwamba amekonda. Sijui tangu lini.

Tulishuka bila haraka, kati ya mikaratusi, kwenye maharage, kwenye karanga, tukavuka magogo matatu mmoja nyuma ya mwingine. Nilimuuliza kama mguu wake wa kushoto bado unamsumbua mvua ikinyesha, akasema ndiyo, tangu zamani, akaanza kunieleza unavyouma, na maelezo yalikuwa marefu. Protais alikuwa kwenye maji ya shamba lake. Alipotuona tunarudi wawili aliweka jembe chini na kuvua kofia. Mama Héritier alikuwa bado anaeleza habari ya goti wakati gari la Uvira lilipopita barabarani, likapiga honi mara mbili pale Bwegera, likaenda zake. Sisi tulikuwa bado katikati ya mpunga.